CustomBuild inakufa katikati nikijenga upya PHP na Apache, VPS ya GB 1. Nifanyeje?

kijana_wa_shela

Salaam alaykum wandugu. Niko Lamu, nashughulikia websaiti za gesti kadhaa za hapa Shela na Amu mjini, pamoja na jamaa mmoja wa majahazi anayepeleka wageni Manda Toto na Kiwayu. Zote ziko kwa VPS moja ndogo, seva ya kukodi mtandaoni, RAM GB 1, mfumo wake CentOS 7, paneli ya kuiendeshea ni DirectAdmin. PHP ni 7.4 kwa modi ya mod_php (PHP ndani ya Apache yenyewe) na Apache, ile inayotoa kurasa, iko kwa prefork (kila ombi na prosesi yake), hivo ndivyo nilivyoikuta nilipokabidhiwa na jamaa aliyekuwa nayo kabla yangu, na paswadi alinipa lakini maelezo hakunipa hata mstari.

Sasa plagini ya bukingi imegoma kujiapdeti, inasema inataka PHP 8 kwenda juu. Nikaingia kwa paneli, ukurasa wa CustomBuild, ile ya kujengea PHP na Apache, nikachagua 8.2 na php-fpm (PHP nje ya Apache) nikabonyeza Build. Maandishi yakaanza kukimbia vizuri, nikajua mambo ndo hayo, nikaenda kuswali. Narudi nakuta hivi:

virtual memory exhausted: Cannot allocate memory
make: * [ext/fileinfo/libmagic/apprentice.lo] Error 1

Nikijaribu kwa terminali nayo, hotspoti ya simu inakatika katikati na kazi yote inakatika nayo. Halafu kuna hii nyengine, kila ikitaka kuongeza kitu kwa yum, ile ya kushushia programu, inanijibu:

Could not resolve host: mirrorlist.centos.org

Nilidhani ni DNS ya seva lakini domeni zengine zote inazipata bila shida.

Kwa hivo nauliza, je hii inatengenezeka kwa GB 1 hii hii au lazima nilipie RAM zaidi? Na wakati inajenga, saiti za watu zinazima ama ziko hewani? Manake mwenye jahazi analipwa kwa M-Pesa kupitia saiti, mgeni anaandikiwa namba yake, simu inalia aweke PIN, yakizima hayo nitapigiwa simu alfajiri na mapema.

fundi_mld

Waalaykum salaam kaka. Hapa Malindi, mambo haya nimeyaona sana, wala usilipie RAM kwanza.

Hiyo fileinfo ndiyo inayowaangusha wote wenye VPS ndogo. Ndani ya hiyo apprentice.c kuna jedwali limepachikwa, linaitwa data_file.c, alama za aina zote za faili, JPEG inaanza na baiti gani, PDF inaanza na gani, na kadhalika, limeandikwa kama namba tupu mstari baada ya mstari, na kompaila inalibeba lote kwa mkupuo mmoja. PHP yote nyengine inapita kwa GB 1 bila taabu, ikifika hapo tu inakwama. Utaona watu wanakwambia weka --disable-fileinfo uendelee. Usifanye hivo, WordPress inaitumia kukagua faili zinazopandishwa kama kweli ni za aina yake, na plagini kadhaa zitaanza kulalamika.

Dawa ni swopu, kipande cha diski kinachotumika kama RAM. Angalia kwanza kama hiyo VPS ni KVM kweli, aina yenye kerneli yake, andika systemd-detect-virt, ikijibu kvm endelea, ikijibu openvz basi swapon itakataliwa na utalazimika kuongea na wenye hosti. Angalia pia diski na df -h. Halafu:

dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048
chmod 600 /swapfile
mkswap /swapfile
swapon /swapfile

Tumia dd, sio fallocate, manake CentOS 7 kwa kawaida diski yake ni XFS na swapon huwa inaikataa faili ya fallocate ikisema ina matundu. Ukiandika free -m sasa utaiona swopu ya GB 2. Kama unaendesha clamd ya kukagua barua pepe izime mpaka umalize, ile peke yake inakula zaidi ya GB 1 ukiiachia.

Kuhusu hotspoti, usikompaili kitu chochote moja kwa moja kwa ssh. Ingia, andika screen -S jenga, fanya kazi humo ndani. Mtandao ukikatika kazi inaendelea huko huko kwa seva, ukirudi unaandika screen -r jenga unaikuta ilipofika. Kama screen haimo basi itabidi utatue yum kwanza.

Sasa mpangilio, na huu uufuate hivi hivi:

cd /usr/local/directadmin/custombuild
./build update
./build set php1_release 8.2
./build set php1_mode php-fpm
./build php n
./build set apache_mpm event
./build apache
./build rewrite_confs

(Matoleo mapya ya paneli wanaandika da build badala ya ./build, ni kitu kimoja.) PHP kwanza, Apache baadaye. Ukitanguliza Apache ya event (inayohudumia maombi kwa nyuzi, sio prosesi moja moja kama prefork) na bado mod_php ya zamani imo ndani, Apache itakataa kuwaka kabisa, itasema inaendesha MPM (namna ya kugawa kazi) yenye nyuzi na moduli yako ya PHP haiko salama kwa nyuzi. Hapo ndo saiti zote zinalala chini na simu zinaanza.

Lakini ukifuata huo mpangilio saiti ziko hewani muda wote wa kompaili. Inajenga pembeni, haigusi PHP inayofanya kazi mpaka imalize, ndo maana hata ilivyokufa jana wageni wako hawakujua lolote. Kukatika ni zile sekunde za kuwasha upya mwishoni. Fanya saa tisa usiku. Mimi wateja wangu wengi ni Waitaliano wa huku Malindi na Watamu, saa sita ya usiku hapa kwao Roma bado ni saa nne au tano, watu wako kitandani na simu wanatafuta vyumba. Saa tisa wamelala.

Na event ina faida yake, sio kubadilisha kwa kubadilisha. HTTP/2 haifanyi kazi na prefork, tangu Apache 2.4.27 waliifunga. Saiti ya gesti yenye picha arubaini za dari na vitanda vya samadari, mtu anaifungua kwa bando, atasikia tofauti.

dogo_wa_casuarina

mimi sielewi kwa nini mtu bado anakompaili PHP kwa mkono zama hizi. hamia cPanel kaka, ni paneli nyengine, unaingia WHM, upande wake wa msimamizi, EasyApache 4, unachagua profaili, unaweka tiki PHP unazotaka, unabonyeza Provision, dakika chache imekwisha. hakuna apprentice hakuna nini. haikompaili chochote, inashusha RPM ambazo zishajengwa. na ukichanganya vitu visivyopatana, mfano mod_php na event, ukurasa wenyewe unakwambia hapo hapo kimoja kitaondoka

fundi_mld

Dogo unasema kweli lakini nusu. EasyApache 3 nayo ilikuwa inakompaili, wazee tulikaa mbele ya zile skrini tukinywa kahawa tungu, wakaisimamisha mwisho wa 2018. Na tangu 2019 wanatoza kwa idadi ya akaunti. Huyu ana gesti na jahazi moja, leseni peke yake itashinda bei ya VPS. Halafu uhamie cPanel uende wapi, juu ya CentOS 7 hiyo hiyo?

dogo_wa_casuarina

sawa bei siwezi kubishana 😅 lakini hilo la kusubiri kompaili kwa GB 1 mimi siliwezi

mzee_wa_terminali

Wanangu mmezungumza vizuri juu ya PHP lakini hamjamjibu huyu kijana swali la yum, na ndilo kubwa kuliko yote.

CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024. Baada ya hapo ile anwani ya mirrorlist.centos.org wakaizima, haipo tena, ndo maana seva yako inapata domeni zote isipokuwa hiyo. DNS yako haina ugonjwa. Vifurushi vyote vilihamishiwa ghala la kumbukumbu, vault.centos.org. Ili yum ifanye kazi uielekeze huko:

sed -i 's/mirrorlist/#mirrorlist/g' /etc/yum.repos.d/CentOS-*
sed -i 's|#baseurl=http://mirror.centos.org|baseurl=http://vault.centos.org|g' /etc/yum.repos.d/CentOS-*
yum clean all

Hapo screen utaipata, na zile laibrari ambazo kompaila ya PHP inazitafuta utazipata. Lakini ufahamu unachopata ni vitu vile vile vya siku ile walipofunga duka. Hakuna kiraka kipya cha kerneli, hakuna cha OpenSSL, laibrari ya kusimba mawasiliano, hakuna cha chochote. OpenSSL iliyomo ni 1.0.2, PHP 8.2 na 8.3 bado zinaikubali, 8.4 zinataka 1.1.1 kwenda juu. Kwa hivo utajenga 8.2 leo, itakwenda, vizuri sana, halafu siku plagini ikitaka 8.4 utakuwa umefika ukutani na hakuna swopu itakayokuvusha.

Ushauri wangu: jenga kama alivyokwambia fundi ili mwenye jahazi apate riziki yake wiki hii. Lakini wakati huo huo anza kupanga kuhama kwenda VPS nyengine yenye AlmaLinux, mfumo wa jamii ya CentOS. DirectAdmin ina Admin Backup/Transfer, unachukua akaunti nzima na barua pepe na databesi zake unazipeleka seva mpya, sio kazi ya kuogopa. Kuapdeti mfumo mzima hapo hapo ulipo kutoka 7 kwenda 8 wapo wanaoweza, mimi kwa seva yenye wateja na paneli juu yake sikushauri. Subiri masika gesti zipumzike, Shela mwezi wa tano nyingi zinafungwa kwa kusi na mvua, hamisha wakati huo. Siku mbili kabla punguza TTL ya DNS, muda wa kukumbuka anwani, iwe sekunde 300 ili siku ya kubadilisha anwani watu wasizunguke kwenye seva ya zamani.

Na kabla hujabonyeza lolote, chukua snapshoti ya VPS, yaani nakala yake nzima, kwa wenye hosti. Usiniambie una bekapu kama bekapu yenyewe imo kwa diski hiyo hiyo.

kijana_wa_shela

Ahsanteni sana wakubwa zangu, mzee shikamoo.

Nimefanya. Snapshoti kwanza, halafu yum imekubali baada ya vault, screen nikaipata, swopu ikapanda, ilikuwa kvm alhamdulillah. PHP 8.2 ilikompaili mpaka mwisho, kwa ile apprentice ilikaa palepale muda mrefu hata nikadhani imekufa lakini nilipotazama kwa dirisha jengine na top nikaona cc1, kompaila yenyewe, bado inachapa kazi na swopu inatumika. Mtandao ulikatika kama kawaida yake, nikarudi na screen -r nikakuta inaendelea utadhani hakuna kilichotokea. Apache ya event nayo imewaka.

Sasa saiti zinafunguka ila nina mambo mawili. Gesti moja ya Amu imekuwa ukurasa mweupe tu, hakuna kitu. Na la pili ndo linalonitoa jasho: saiti ya jahazi inafunguka vizuri, picha zipo, tarehe unachagua, mgeni analipa, M-Pesa inamjibu imepokea, mwenye jahazi anapata meseji ya pesa kwa simu yake, lakini kwa mfumo bukingi inabaki "haijalipwa" na mgeni hapati barua pepe ya kuthibitisha. Jana usiku ilikuwa sawa. Nimeangalia curl ya PHP imo, php -m inaionyesha.

bint_mkomani

Kaka yangu wa Shela, kama STK push yenyewe inakwenda, yaani simu ya mgeni inalia na anaweka PIN, basi curl haina kosa, kutoka nje unatoka. Kinachoshindwa ni kurudi. Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha saiti na M-Pesa, baada ya malipo inaita URL yako ya callback kukupa majibu, na hiyo ndo hainyoki. Wewe huioni kwa sababu hakuna mtu anayeifungua kwa brauza, inaitwa na mashine.

Jaribu hivi, fungua hiyo URL ya callback wewe mwenyewe kwa brauza. Natabiri utaona 500. Halafu tazama logi ya domeni hiyo, iko /var/log/httpd/domains/ na mwisho wake ni .error.log, lete mistari ya mwisho hapa ila ufute jina la domeni.

Hiyo ya ukurasa mweupe nayo logi yake utazame, hiyo nahisi ni themu.

kijana_wa_shela

Dada umejuaje 😳 ni 500 kweli. Logi ya jahazi:

/public_html/malipo/.htaccess: Invalid command 'php_value', perhaps misspelled or defined by a module not included in the server configuration

Na ya gesti:

PHP Fatal error: Uncaught Error: Call to undefined function create_function()

bint_mkomani

Nimejua kwa sababu kila anayetoka mod_php kwenda php-fpm hupita hapo, tena huwa ni kwenye folda ambayo hakuna anayeikumbuka.

Zamani PHP ilikuwa moduli ndani ya Apache yenyewe, kwa hivo ukiandika php_value ndani ya .htaccess Apache inaelewa na kuipelekea. Sasa PHP iko nje, Apache inazungumza nayo kwa soketi tu, na neno php_value halijui tena. Na Apache ikikutana na neno isilolijua kwa .htaccess hairuki mstari, inakataa folda nzima. Ukurasa wa mbele wa jahazi hauna mstari huo, folda ya malipo inao, ndo maana kila kitu kinaonekana kizima isipokuwa pesa.

Tafuta zote kwa seva nzima usingoje wateja wakupigie:

grep -rlE --include=.htaccess '^\s*php_(value|flag)' /home/*/domains/

Kila faili itakayotokea, ile mistari itoe, na kama kweli unahitaji hiyo mipangilio iandike kwa faili mpya inaitwa .user.ini kwa folda hiyo hiyo, kwa mtindo wa php.ini. Yaani palipokuwa na php_value upload_max_filesize 64M unaandika

upload_max_filesize = 64M

na post_max_size usiisahau ifuatane nayo. Usishtuke ukihifadhi na kitu kisibadilike, .user.ini inasomwa na kuwekwa akibani kwa sekunde 300, kunywa chai halafu urudi. Kama hutaki kungoja washa upya php-fpm.

Kuna aina moja itakupita kwa ujanja. Wengine waliifungia hiyo mistari ndani ya <IfModule mod_php7.c>. Hiyo haitoi 500, Apache inaona moduli haipo inaruka kimya kimya, na mipangilio yako inarudi ya kuzaliwa, upload inakuwa MB 2. Wiki ijayo mwenye gesti anapandisha picha ya chumba kutoka kwa simu yake mpya inakataa na wewe hukumbuki hata kama ulijenga upya PHP. Kwa hivo tafuta na hizo, grep ya juu itazinasa pia manake mistari ya ndani inaanza na php_value vile vile.

Jambo jengine la mod_php, kama seva haikuwa na mod_ruid2 (inayoifanya Apache iende kwa jina la mteja), faili zote ambazo WordPress ilizipandisha zamani mwenyewe wake ni apache. Sasa PHP inakwenda kwa jina la akaunti ya mteja na haitaweza kuziandika juu, utaona WordPress inakuomba paswadi ya FTP kuapdeti plagini. Angalia:

find /home/*/domains -user apache | head

Zikitokea, chown folda hizo kwa jina la mwenye akaunti, akaunti moja moja, usipige -R kwa /home nzima kwa haraka.

Gesti ya ukurasa mweupe: create_function iliondolewa PHP 8.0, ilishaanza kulalamikiwa tangu 7.2. Ni themu ya kitambo. Ukitaka iwake leo, DirectAdmin inaweza kushika PHP zaidi ya moja kwa pamoja:

./build set php2_release 7.4
./build set php2_mode php-fpm
./build php n
./build rewrite_confs

halafu kwa akaunti ya gesti hiyo unachagua ya pili. Swopu usiitoe bado, fileinfo itakuja tena kwenye 7.4. Lakini mwambie mwenye gesti wazi kwamba 7.4 haitengenezwi tena tangu Novemba 2022 na themu yake lazima ibadilishwe, umuandikie, usimwambie mdomoni pale Mkunguni akasahau.

mzee_wa_terminali

Mashallah binti, hapo hakuna la kuongeza kwa .htaccess.

Kijana, wale waliolipa kati ya usiku uliojenga na sasa, pesa zao ziko lakini mfumo hauna habari. Usianze kubonyeza "imelipwa" kwa mkono kwa kusoma meseji za simu ya mwenye jahazi. Kila STK push ilipotumwa mfumo wako ulipata CheckoutRequestID, kama plagini iliihifadhi kwa databesi basi Daraja ina njia ya kuuliza hali ya push hiyo, unapeleka hiyo ID inakujibu ilipita au mgeni alighairi. Uliza moja moja kwa zote zilizobaki "haijalipwa". Wapo watakaokuwa kweli hawajalipa.

Na kama yule aliyekutangulia alihariri httpd.conf, faili ya mipangilio ya Apache, kwa mkono, rewrite_confs imeshayafuta mabadiliko yake. Ipekue kwa ile snapshoti. Kama kuna kitu ulikihitaji, kiweke panapobaki: ya domeni moja iweke kwa paneli, Custom HTTPD Configurations, na ya Apache nzima nakili faili husika kutoka configure/ap2/conf uiweke custom/ap2/conf ndani ya folda ya custombuild, hapo kila ukijenga upya inachukua ya kwako.

kijana_wa_shela

grep imenitolea faili nyingi kuliko nilivyodhani, mbili zilikuwa za saiti ambazo mimi hata sikujua ziko kwa seva hii. Nimezisafisha zote, malipo sasa yanarudi, nimejilipia shilingi moja mwenyewe bukingi ikageuka "imelipwa" na barua pepe ikafika. Zilizokwama nimeziuliza kwa CheckoutRequestID, zimejulikana, na kweli mmoja alikuwa ameghairi. 7.4 iko kwa gesti ile na ukurasa umerudi. Kwa find imetokea akaunti mbili za apache nimezirekebisha.

Kwa httpd.conf alikuwa ameweka mstari mmoja wa kuelekeza domeni ya zamani ya gesti kwenda mpya, nimeuhamishia kwa paneli.

Sasa swali la mwisho halafu niwaache mpumzike. Mwezi wa tano nikihama, nichukue AlmaLinux 8 au 9? Tisa si ndo mpya zaidi?

bint_mkomani

Inategemea ile themu. AlmaLinux 9 ina OpenSSL 3, na PHP ya kwanza kuelewana na OpenSSL 3 ni 8.1, 7.4 kule ni kutafuta taabu. Mwenye gesti akikubali kubadilisha themu kabla ya mwezi wa tano nenda 9 moja kwa moja, inapata viraka mpaka 2032. Akikuzungusha chukua 8, hiyo ni mpaka 2029. Na safari hii chukua RAM GB 2, tofauti ya bei ni ndogo.

dogo_wa_casuarina

GB 2 na cPanel 👀

fundi_mld

Dogo lala.